Ukurasa Niliouchora Ukutani

Mimi sikusoma hata siku moja, na kwa miaka mingi nilikula kwa kuandika. Mjukuu wangu, anayeyaandika maneno haya kama ninavyoyatamka, amesimamisha kalamu na kuuliza iwapo sentensi hiyo ibaki hivyo. Ibaki. Nilikuwa mchoraji wa vibao vya maduka katika mji wa Lubumbashi, na herufi kwangu zilikuwa picha tu: moja ina tumbo, nyingine imesimama kwa miguu miwili, nyingine imekunja mkia kama paka aliyelala. Mteja aliniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, nami nikaihamishia kwenye bati, kubwa mara ishirini, bila kupoteza mkunjo mmoja. Aliponitaka nimsomee kabla hajakichukua kibao, nilikuwa nimesahau miwani nyumbani. Miwani hiyo sijawahi kuwa nayo.

Kazi ilinijia kwa wingi wakati wenzangu wakilia. Kampuni kubwa ya migodi, iliyokuwa ikiulisha mji na kuuamsha kwa king'ora, iliporomoka. Mishahara ikakoma, kisha wanaume wakarudishwa majumbani. Kila mmoja akafungua kitu: kinyozi, baa ya viti vinne, duka la unga sebuleni. Kila mmoja alitaka kibao, na kadiri duka lilivyokuwa dogo ndivyo mwenyewe alivyolitaka jina refu. Sitasema kwamba nilifurahi. Nitasema tu kwamba watoto wangu walikula samaki.

Baadaye zikaja turubai za plastiki zinazochapwa kwa mashine, bati likasahaulika, nami nikabaki na njiwa wangu na mchezo wa dama. Dama tunaicheza kwa vizibo vya chupa, mimi na jirani yangu fundi cherehani, mtu wa ukoo wa Kiislamu kutoka Maniema, anayenituhumu kwamba vizibo vyangu huzaliana kila anapokwenda kuswali. Mimi humjibu kwamba nyumba yangu ina baraka.

Ndipo mjukuu huyu alipohamia kwangu, katika mtaa wa Naviundu, na kompyuta yake, kwa sababu nyumba yangu hupata umeme mara nyingi kuliko ya baba yake. Alikuwa amejifunza kutengeneza kurasa za mtandao, zile ambazo mtu huzifungua katika simu akaona duka bila kutoka kitandani. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, naye humwita babu bwana, na mzaha huo una haki zake: mke hupika, bwana hukosoa. Nikaanza kukosoa.

Ukurasa wa kwanza alionionyesha ulikuwa wa saluni.

"Kambo, ona," akasema. Kambo ndilo jina tunalomwitia babu. "Iko muzuri?"

"Mteja anaingilia wapi?"

"Bonyeza tu."

"Nibonyeze wapi? Kila kitu kinacheza. Hii ni saluni ao ni harusi?"

"Picha zinatembea, kambo. Ni mode ya sasa. Bazungu banapenda."

"Bazungu bananyolea Naviundu?"

Jioni picha zilikuwa zimetulia. Tangu hapo tukawa na utaratibu wetu wa kazi. Akimaliza ukurasa, ananiwekea simu mkononi na kunyamaza kimya, kwani akisema neno moja nimeshinda. Mimi, nisiyejua kusoma, natafuta kwa kidole mahali pa kununua, mahali pa kumpigia mwenye duka, na njia ya kurudi nilikotoka. Nikipotea, ukurasa ni mgonjwa, na tabibu ni yeye. Wenzake wa mjini, waliosoma, waliucheka utaratibu huu. Kurasa zao wateja huzifungua mara moja na kuzikimbia.

Maoni yangu juu ya kazi hii si mengi, na yote ni sahihi. Herufi za kijivu juu ya rangi nyeupe ni woga. Mwenye kitu cha kusema akiseme kwa rangi nyeusi. Mahali patupu pana kazi yake, kama ua uliofagiwa mbele ya nyumba, na mteja anayetaka pajazwe ni yule yule aliyetaka jina refu kwenye kibao. Mlango uwe mmoja. Na picha ya mwenye duka akiwa amevaa suti isiwe kubwa kuliko bidhaa, isipokuwa kama anajiuza mwenyewe.

Nafika sasa kwenye jambo lenyewe. Mwanangu, baba wa huyu anayeandika, hakuamini kwamba kurasa ni kazi. Alikuwa mlinzi kule Kinsevere, kwenye mgodi, na alimtafutia binti yake nafasi jikoni, kupika chakula cha wachimbaji. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Mjukuu akamwomba baba yake subira, kwa sababu alikuwa amepata mteja mmoja mkubwa: mama wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla mwenye malori mawili, Mkristo wa maombi ya alfajiri, mtu asiyecheka kabla ya saa sita. Malori yake yalileta nyanya, kabichi na vitunguu kutoka Lukafu, na kila safari nyanya nyingi zilioza zikisubiri wanunuzi aliowaita kwa kipaza sauti. Alitaka ukurasa ambapo akina mama wa sokoni na wenye mikahawa wangechagua mali kabla ya lori kufika.

"Lori inafika Alhamisi," alimwambia mjukuu wangu mbele yangu. "Kila kikapu kikuwe na mwenyewe siku ileile. Ikiwa ni hivyo, nakuchukua mwaka muzima. Ikiwa haiko hivyo, narudilia kipaza sauti changu, na wewe uende kwa baba yako."

Mwanangu, alipoambiwa, akasema hayo ni maneno ya haki na akakubali kungoja hadi Alhamisi. Yalikuwa ya haki. Ukurasa ulikuwa tayari Jumapili, nami nilikuwa nimeupita kwa kidole mara mbili bila kupotea.

Jumatatu, siku ya mwisho ya mwaka, intaneti ilikatwa nchi nzima. Kura zilikuwa zimepigwa, matokeo yalikuwa bado, na waliokuwa na mamlaka ya kufunga walifunga. Maduka yalifunguliwa nusu mlango, askari walisimama kwenye njia panda, na watu walinunua unga kana kwamba unga nao ulikuwa unakwisha pamoja na mwaka. Mjukuu wangu aliinua simu yake juu ya ukuta wa ua, akaizungusha huku na huku, akaishusha.

"Inarudi lini?" nilimuuliza.

"Hakuna mwenye kujua, kambo. Pengine kisha wiki."

"Na nyanya zinajua?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Nilimwona akikunja nguo zake moja moja, kwa utaratibu, kama mtu anayepanga ukurasa.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye depo ya yule mama, ghala lake la hapa hapa Naviundu. Upande wa barabarani depo ina ukuta mrefu, uliopakwa chokaa. Nilimwomba ruhusa ya kuupamba. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia ni mila yetu kupamba mahali ambapo mali inangojewa. Mila hiyo ilikuwa na umri wa robo saa. Akakubali, kwa sharti kwamba nisichore mamba wala mwanamke mwenye mkia wa samaki.

Mjukuu wangu alinichorea ukurasa wote kwenye karatasi, kama ulivyokuwa kwenye kompyuta. Tuligombana juu ya kabichi. Mimi niliitaka juu kabisa, kwa sababu kabichi ikichorwa vizuri ina majani ya kumtoa mtu machozi.

"Nyanya inakuwa juu," alisema. "Hiyo njo inaoza ya kwanza. Kisha vitunguu pembeni, sababu bamama wanavibeba pamoja na nyanya. Kabichi chini."

"Kabichi yangu chini?"

"Bwana yangu, chora."

Nilichora. Nyanya juu, vitunguu pembeni, kabichi chini, kila moja na kitufe chake chekundu, na maneno yote kama alivyoyaandika, mkunjo kwa mkunjo. Chini ya kila kitufe nilipigilia msumari, na kwenye msumari nikatundika mfuko wa vizibo vyangu vya dama, vya rangi moja kwa kila bidhaa. Pale ambapo kwenye simu pana picha ya kapu la ununuzi, niliweka beseni la kweli. Anayetaka vikapu viwili vya nyanya achukue vizibo viwili vyekundu, avitie ndani ya kikombe cha plastiki chenye alama yake, aache beseni limhifadhie. Mjukuu akakaa kando ya beseni na daftari, akiandika kikombe kipi ni cha nani. Yeye, alisema, ndiye mashine.

Mama wa kwanza kufika alikuwa muuza mboga wa soko la jirani. Aliutazama ukuta, akakitazama kitufe, kisha akakibonyeza kwa kidole.

"Haisogee," alisema.

"Intaneti imekatika, mama," nilimjibu kwa ukali. "Lakini imekusikia. Chukua vizibo."

Wakaja wawili, wakaja kumi. Wote walibonyeza kwanza. Mmoja alibonyeza kabichi mara tatu na kutaka kujua kama bei inashuka akiendelea. Nikamwambia aendelee tu. Mwenye mkahawa mmoja alitaka kurudisha vitunguu alivyokwisha kuchagua, na bila kuuliza mtu akaingiza mkono kwenye kikombe chake na kutoa vizibo. Alijua njia ya kurudi. Nilimtazama mjukuu wangu, naye alikuwa ameinamia daftari ili nisimwone anavyofurahi.

Lori lilipofika Alhamisi mchana, kila kikapu kilikuwa na mwenyewe, na wanawake walikuwa wanangoja kwa mstari. Mwanangu naye alikuwa amefika kutoka Kinsevere, ameshika begi la nguo za binti yake alilolipitia kwangu, kwani alikuwa amesikia habari ya intaneti na kuhesabu kuwa mambo yamekwisha. Yule mama wa Kivu alitoka depo, akaupitia ukuta mwanzo hadi mwisho, akavichungulia vikombe. Ilikuwa saa nane, na bado hakucheka.

"Muzee," alisema, "nani alipanga hii?"

Hapa namwamuru anayeandika asilainishe chochote. Niliulizwa mbele ya watu, brashi ikiwa mkononi mwangu, na nilijibu: "Mimi."

"Basi nakuchukua wewe. Ukuta haukatike. Haitaji umeme wala koneksio. Mutoto aende tu kwa baba yake, kama walivyopatana."

Nilikuwa nimefanya ujanja wangu vizuri kupita kiasi. Mwanangu alilihamisha begi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mjukuu wangu alinipa mgongo. Alianza kuvitoa vizibo kwenye vikombe vilivyokwisha kutumika na kuvirudisha kwenye mifuko yake, rangi kwa rangi. Ningemsamehe kama angenitukana.

Nilimwambia yule mama, "Nisomee maneno yale yaliyo juu ya nyanya."

"Wewe njo uliyaandika, nikusomee mimi?"

"Sijui kusoma."

Wanawake wa mstarini wakageuza shingo kunitazama. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye nilimchorea kibao enzi zile, alikuwa amesimama na mkasi mlangoni, na mkasi ukaacha kulia. Kwa maisha yangu yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwangu.

"Sikuwahi kujua," niliendelea, kwa kuwa aliyekwisha kuvua shati hana sababu ya kubishana juu ya kofia. "Mpango wote ni wa huyu. Aliuchora kwenye karatasi, mimi nikaunakili kama nilivyonakili kila kitu. Nilitaka kabichi juu. Kama ungekuwa mpango wangu, sasa hivi ungekuwa na kabichi zilizouzwa zote na nyanya zinaoza. Wiki ijayo ukileta viazi, mimi sitajua viwekwe wapi. Nitakuchorea tu kabichi kubwa zaidi."

Yule mama alimgeukia mjukuu wangu. "Ni kweli? Nyanya juu ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mama. Lakini asipopita yeye kwanza, siwezi kujua kama mutu anapotea."

"Kwa hiyo nachukua wawili?"

"Mama anachukua mmoja," alisema mjukuu. "Huyu ni bwana yangu, anakuja na mimi."

Hapo ndipo alipocheka, yule mama, kwa sauti fupi kama kikohozi. Alimwambia aanze Jumatatu, na intaneti ikirudi ukurasa ufunguliwe ulivyo, pamoja na ukuta. Mwanangu aliliweka begi chini, akauliza kama kuna maji ya kunywa, kisha akauendea ukuta. Alidhani hatumwoni alipobonyeza vitunguu.

Habari kwamba sijui kusoma ilifika mwisho wa Naviundu kabla ya jua kutua. Kwa siku tatu, kila nilipopita barabarani, niliwakuta wenye maduka wamesimama nje ya milango yao, shingo zimeinuliwa, wakisoma vibao vyangu vya zamani polepole wakitafuta kosa, kidole kikifuata herufi hewani. Kinyozi alikuwa amepanda juu ya kiti. Walinisalimu bila kunitazama. Hakuna aliyekuja kulalamika, na sikumwambia hata mmoja wao kwamba angeweza kushuka.