Moto Usioonekana Juani

Laiti ningesema hapana. Mzee niliyekuwa namhudumia aliponishika mkono na kuniomba tulitoe gereji gari lake la mashindano tuliwashe, nilipaswa kumwambia, "Hapana, mzee wangu, binti yako amekataza," kisha nikampikie uji wake. Nilisema sawa.

Nilikuwa mhudumu wa wazee majumbani, kazi ya wengi wetu tuliofika huku Marekani na cheti cha kidato cha nne na umri umeshakwenda. Mimi na mke wangu tulipanga nyumba Adelphi, Maryland. Yeye alikuwa msusi. Wanawake walimfuata kutoka Takoma Park hadi ng'ambo ya mto, Virginia, wakaketi kwenye kigoda sebuleni kwetu, naye akasuka huku akiangalia televisheni, vidole vikienda vyenyewe. Nyumba yetu ilisimama juu ya vidole vile kuliko juu ya kazi yangu, na sote wawili tulijua.

Mzee wangu alikuwa Mmarekani wa miaka tisini na ushei, akiishi Bowie kwa binti yake. Ujanani alikuwa mtu wa kujaza mafuta kwenye timu ya magari ya mashindano, yale yenye magurudumu nje na dereva kichwa wazi kwenye upepo. Miaka ile aliiita ya dhahabu. Alinisimulia madereva waliokimbia na mashati ya mikono mifupi, viganja vikitoka malengelenge kwa usukani, na jinsi walivyowacheka watu wa kwanza kuleta gari lenye injini mgongoni mwa dereva, mpaka lilipowapita. Alisema mshindi alipewa maziwa anywe. Hilo nilimpelekea mke wangu nyumbani, akacheka hadi akaacha kusuka.

"Maziwa? Basi hao Wagogo wenzako, watu wa ng'ombe!"

Lakini jambo alilolirudia zaidi mzee lilikuwa moto. Magari yale hayakutumia petroli. Yalitumia methanoli, aina ya spiriti.

"Petroli inakuonyesha moto wake," alisema. "Methanoli, mchana wa jua, haikuonyeshi kitu. Unamwona mwenzako anacheza bila ngoma, basi. Usiulize. Mwagie maji."

Ndiyo maana hawakukosa ndoo ya maji kando. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi hata nikawa naitikia kabla hajaimaliza. Mke wangu sikumsimulia. Nilimpelekea ya maziwa tu.

Siku yenyewe binti yake alikuwa kazini. Gari lake, moja la yale ya zamani, lilikuwa limeuzwa, na mnunuzi angelichukua kesho yake.

"Kijana," aliniita, ingawa nilikuwa na wajukuu, "nataka kulisikia mara moja tu. Wasilichukue likiwa bubu."

"Na binti yako?"

"Akirudi atamkuta mzee amelala kama malaika."

Tulicheka. Nikalisukuma gari hadi juani, nikajaza ndoo. Kisha nikaona vumbi. Nilitaka nipige picha niwatumie ndugu zangu Dodoma, waone ninavyoishi na mambo makubwa. Nikachovya kitambaa kwenye ndoo, nikalifuta gari lote mpaka likang'aa, nikamwaga maji machafu kwenye majani.

"Maji yapo?" mzee aliuliza.

"Yapo, mzee."

Nilikusudia kuijaza tena. Bomba lilikuwa hatua chache tu.

Mafuta hakukubali niyamimine mimi. Mikono yake ilitetemeka, mengine yakaingia kwenye mkono wa shati lake. Nikachomeka mota ya kuwashia puani mwa gari, ndefu kama mchi. Injini ikakohoa, ikakohoa tena na kutema cheche, halafu ikanguruma hadi madirisha yakatikisika. Mzee aliachia kigari chake cha kutembelea. Akainua mkono, akaupunga, akajipiga kifuani, akazunguka. Mtu ambaye asubuhi ile nilikuwa nimemvisha soksi!

Nikapiga makofi. Nikapaza sauti, "Cheza, mzee! Cheza!"

Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaegesha gari, amekuja kunichukua. Hakujua lolote kuhusu methanoli, lakini aliona shati likijikunja na uso wa yule mzee. Alikimbia, akaukamata ule mkono kwa viganja vyake viwili, akaubana, akausugua, akamwangusha kwenye majani na kumlalia. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikimbilia ndoo, nikaiinua kwa nguvu za kuinua ndoo iliyojaa, nikapepesuka, maana ilikuwa tupu.

Nilipofika na mpira wa maji, mke wangu alikuwa amepiga magoti ameinua mikono mbele yake kama mtu anayeomba dua. Injini bado ilikuwa ikinguruma. Sikujua namna ya kuizima.

Mzee alipona majeraha yake, akapelekwa nyumba ya wazee. Mimi nilifukuzwa kazi, ilikuwa haki. Mke wangu alipandikizwa ngozi mara mbili, lakini vidole vilijikunja, vikakataa kufunguka. Wateja walikuja kumpa pole na vyakula, wakakaa kwenye sofa. Hakuna aliyekikalia kigoda. Nilimlisha, nilimfunga vifungo. Nilijaribu kumsuka, akavumilia mistari miwili, akaniambia niache. Siku iliyofuata alimwita binti yetu aje na mashine, akanyolewa kichwa chote.

Nilimwomba msamaha kwa gari, kwa ndoo, kwa hadithi ambayo sikumsimulia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Moto ni moto," alisema. "Ajali nimeisamehe, mume wangu. Lakini nikifumba macho nakusikia unapiga makofi."

 

Binti yetu alikuja kumchukua siku ya Jumapili. Alibeba mabegi, akaniambia kwa Kiingereza chao nile vizuri, nimpigie simu. Mke wangu alisimama mlangoni akisubiri nimfungulie, kwa kuwa kitasa kile cha mviringo kilikuwa kimemshinda. Nikamfungulia.

Kwa sababu nilisema sawa, mke wangu amepoteza mikono yake, nami nimempoteza mke wangu.