Bundi wa Cherehani ya Baba

Mimi ni mwalimu wa historia, na aibu hii nilijitakia mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa nguo pale Obunga. Mtalii Mgiriki aliyeshonewa suruali yake iliyochanika alimwachia sarafu yenye picha ya bundi, naye Baba akaigandisha kwa gundi kwenye meza ya cherehani. Kila asubuhi aliipapasa kwa kidole gumba kabla ya kuanza kushona, hadi mwaka uliochorwa hapo ukafutika. Mlio wa cherehani ile bado uko masikioni mwangu.

Mwaka jana nikaona kitabuni sarafu ya Athene ya kale. Bundi ni yuleyule, hata tawi la mzeituni lipo! Siku ya maombi ya kumkumbuka Baba, nyumbani Asembo Bay, tulikoileta meza ile ya cherehani, nikasimama mbele ya ukoo mzima na kutangaza kwamba Baba alituachia mali ya miaka elfu mbili na zaidi, yenye thamani kuliko shamba letu lote. Walipiga makofi. Mjomba akashauri tuajiri askari wa kuilinda.

Padre, aliyesoma Kigiriki seminarini, alivaa miwani akaiinamia.

"Mwalimu, umesoma hizi herufi?"

"Ni Kigiriki cha kale, Padre."

"Ni Kigiriki kweli. Zinasema: yuro moja."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaangua kicheko hadi akaishika meza asianguke.

"Na wewe ndiye unafundisha watoto wa watu!"

Tangu tumzike Baba, hatukuwa tumemsikia Mama akicheka.