Mpira wa Mlango wa Gereji

Harufu ya grisi ikinifika puani, hata niwe katikati ya soko, hasira hunipanda kabla sijakumbuka sababu. Nyumbani kwetu Unyambwa grisi ilinukia mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, alizeti zikiwa zimeanikwa uani na upepo wa mashariki umeanza kung'ata masikio. Anayedhani Tanzania nzima ni joto aje Singida wakati wa kipupwe. Upepo huo hubeba baridi na vumbi, hupita katikati ya mawe makubwa na kuingia ndani ya nyumba za watu bila hodi. Basi ukianza tu, baba alivaa ovaroli lake, akaitoa pikapu nje, akaanza kuuandaa mlango wa gereji.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mabawa mawili, bati zito kwenye fremu ya chuma, na ulikuwa mzuri kuliko mlango wowote wa nyumba yetu. Baba alisugua kutu kwenye bawaba kwa msasa, akazipaka grisi kwa kidole, akaufungua na kuufunga mpaka ukaacha kulia. Kisha alichukua mpira wa ndani wa tairi kuukuu, akaukata vipande virefu, akavifunga kwa boliti kwenye ukingo wa chini ili viguse sakafu na kuzuia vumbi. Matundu ya juu aliyaziba kwa viroba. Aliifanya kazi hiyo kwa upole ambao sisi wanawe hatukuuona mara nyingi. Akimaliza alisimama ndani, akamwambia mdogo wangu Daudi afunge, akatazama kama kuna mwanga unaopenya. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alituambia, uso umemchangamka.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na chumba nilicholala na bibi, mama mzazi wa baba. Mlango wake ulikuwa wa mbao zilizopindwa na jua, na chini yake kifaranga aliweza kupita bila kuinama. Tuliamka na vumbi kwenye nyusi. Bibi alikuwa na kifua. Kila kipupwe alikohoa mpaka akashika ukuta, na mwaka uliotangulia tulidhani tumempoteza. Kwa hiyo mama alimfuata baba palepale gereji, akamwomba kwa heshima zote: "Baba Neema, mpira ukibaki, mwekee na mama." Baba hakuinua hata kichwa. "Haujabaki. Mkono mtupu haulambwi, Mama Neema. Gari likigoma kuwaka asubuhi mtakula nini?" Ni kweli pikapu ndiyo iliyobeba alizeti za watu kwenda kukamuliwa mjini, na ni kweli baridi iliifanya igome. Lakini bibi naye alimbeba yeye mgongoni, na sijasikia kwamba kuna siku aligoma.

Bibi aliyasikia yote. Jioni yake, jua halijazama, alikunja godoro, akachukua blanketi na mbuzi mchanga aliyekuwa amezaliwa juzi yake, akahamia gereji na kutandika kando ya pikapu. Alikuwa amekulia kwenye tembe, ambako baridi ikija ndama na watu hulala chini ya paa moja, wala hakuona ajabu. "Kwetu mnyama aliletwa walipo watu," alimwambia mama kwa Kinyaturu. "Hapa mtu ndiye anayemfuata mnyama. Sawa tu, joto ni joto." Akatia komeo kwa ndani. Asubuhi baba akajikuta amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, funguo za gari mkononi, na kwa kuwa mama ni mama hakuweza kugonga kabla ya kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Yohana. Umeamkaje? Huku kwetu hakuna baridi kabisa."

Majirani waliokuwa wakielekea shambani walicheka waziwazi. Na mimi nilicheka, nikidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Jioni baba alirudi na kufuli jipya, akalitia kwenye mlango wa gereji mbele ya macho yetu, akaweka ufunguo mfukoni, akaenda kunawa. Mtu kumfungia mama yake nje kwa ajili ya chuma! Bibi alirudisha godoro lake chumbani, na kabla juma halijaisha kikohozi kilikuwa kimemrudia, kile cha kushika ukuta. Ndipo mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia baba sauti, alipochukua kisu cha jikoni mchana kweupe, akapiga magoti mbele ya gereji, akaukata ule mpira kutoka pembe hadi pembe. Alichagua saa ambayo kila mtu anapita njiani, makusudi. Akaupigilia kwenye mlango wa bibi kwa misumari na jiwe, kwa sababu nyundo ilikuwa imefungiwa gerejini.

Baba aliporudi aliutazama mlango wake, kisha akautazama wa bibi. Bibi akatoka, akampa blanketi lake kuukuu. "Mfunike mwenzako," alimwambia, akiionyesha pikapu kwa kidevu, "asije akashikwa na kifua." Baba alilipokea kwa mikono miwili. Mpira ule haukung'olewa tena. Bibi alifariki miaka mingi baadaye, na hakuuawa na baridi.

Mwaka huu Daudi amehamia nyumba yake mpya kule Mwankoko, tofali za kuchoma, vioo, marumaru mpaka barazani. Kipupwe kilipokaribia aliniita nikaone. Mlango wa gereji yake unapanda wenyewe kwa rimoti. Fundi alikuwa ametoka kupaka grisi kwenye reli na kuuvalisha mpira mpya kwenye ukingo wa chini. "Dada, hata vumbi halipiti," alisema Daudi, akabonyeza tukafungika ndani, ili nione mwenyewe kama kuna mwanga unaopenya. Maji hufuata mkondo. Nilimuuliza baba, aliyekuwa amehamia naye, yuko wapi, akaniambia yuko uani, chumba cha nyuma.

Nilimkuta ameketi kitandani, blanketi mabegani, anakohoa. Vumbi lilikuwa limepita chini ya mlango wake wa mbao mpaka kwenye kandambili zake. Nilimwamkia. Tangu utotoni nilikuwa nimemwekea baba maneno ya siku kama ile, na siku yenyewe ilikuwa imefika. Akanitangulia. "Neema," alisema kwa sauti ya chini, "hebu muulize mdogo wako kama mpira umebaki kidogo."

Sikumuuliza Daudi. Nilipita jikoni, nikamwomba wifi yangu kisu.