Siku Niliyomgawa Mwanangu kwa Mtani

Jamani, mkasa huu mmeshausikia nusunusu kwa shemeji yangu, na yule hutia chumvi, kwa hiyo bora niusimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na sikatai.

Mwanangu Kabula, wa miaka sita, alikuwa akatwe mafindofindo mjini Tabora, nami nikaapa simdanganyi, si kama wale wanaosema tunakwenda kununua viatu halafu mtoto anajikuta kwenye sindano. Kwa hiyo kule kwetu Usoke tulicheza hospitali wiki nzima, mwanasesere wake mgonjwa, mimi daktari, nikamweleza kwamba atalala usingizi wa dawa, hatasikia kitu, ataamka koo linauma. Akaniuliza, "Kweli, baba?" Nikamjibu kwamba hospitali kila nitakachosema ni kweli (hapo nilijifunga kamba mwenyewe).

Basi tukafika wodini, mtoto katulia, anamwamkia kila anayepita, mimi kichwa kimenivimba. Nesi aliyetupokea, mama wa makamo, akaniuliza kabila, nikasema Mnyamwezi, akacheka kwa sababu yeye ni Mzaramo, na hao ni watani wetu tangu enzi za misafara, na mtani akikuchokoza ukanyamaza unaonekana huna malezi. Akasema, "Ninyi si wabeba mizigo, leo umetubebea nini?"

"Nimekuletea huyu, mtani. Anakula mno, mchukue moja kwa moja."

"Nimempokea. Atanifulia mashuka."

Tukacheka, nikaenda dirishani kumwandikisha.

Kurudi, kitanda kitupu. Akina mama wananitazama kwa jicho baya, mmoja anasonya, nauliza mtoto wangu yuko wapi, ananijibu, "Si umeshamtoa?" Nimemtoa wapi? Nikadhani wamenifananisha. Mara mzee mmoja wa kanzu, anayemuuguza mjukuu wake, akanishika bega akaniambia taratibu kwamba maisha ni magumu kwa wote lakini damu haigawiwi, na mimi kwa adabu naitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee" wala sijui nakubali nini. Kumbe Kabula alikuwa ameshawaaga kitanda kwa kitanda, akawaambia baba amemtoa kwa nesi, na mimi sasa nimekiri mbele ya wodi nzima.

Mimi na nesi tulimkuta uani, kwa wafuaji, alikojipeleka mwenyewe, anakunja foronya huku machozi yanamtiririka, analia bila sauti. Nikachuchumaa nikamweleza utani ni nini, kwamba yale yalikuwa mzaha tu. Akasikiliza hadi mwisho, akafuta kamasi, akauliza, "Na ile ya kuamka?"

Nikamgeukia nesi. Nesi naye alikuwa ameshaacha kucheka. Akamwambia, "Hiyo ni kweli, mwanangu, na nitakuwepo mimi." Kabula akanitazama, akamtazama nesi, akampa mkono, kisha akasema, "Baba abaki hapa." Wakaenda chumba cha upasuaji, nikabaki na mashuka.

Aliamka salama, koo linauma kama nilivyosema, na siku hizi anakula kuliko zamani. Mimi hospitali nasalimia, naketi, nanyamaza, hata mtani anichokoze namna gani. Lakini Kabula, mpaka leo, nikimwambia jambo lolote, humgeukia mama yake kwanza.