Wiki Zangu Nitazihesabu Mwenyewe

Nilienda kupigwa picha ya tumbo nikiwa nimevaa rinda la kanisani. Usicheke. Nilifikiri tunaenda kuonana. Kwenye ukuta wa kliniki ya huku kwetu Kamere kuna mchoro wa mtoto aliye tumboni, amekamilika hadi kope, ananyonya kidole. Mimi kichwani nilikuwa nimeshampeleka mbali zaidi: amemaliza shule, ni rubani, anapita na ndege juu ya ziwa akinitafuta mamake niliyeinama katikati ya mawaridi na mkasi.

Mwanamume wa mashine, kule Naivasha mjini, alinipaka kitu baridi tumboni akauliza mwezi wangu wa mwisho ulianza lini. Nikamtajia tarehe bila kusita. Akahesabu kwenye kalenda: karibu wiki nane. Halafu akaanza kutembeza kifaa chake, na akanyamaza. Mtu wa mashine akinyamaza, wewe ndiye unaanza kuropoka. Nikamuuliza kama ni mvulana.

Alinigeuzia skrini. Kulikuwa na ukungu wa kijivu, na katikati yake kishimo cheusi, kidogo kama punje ya ndengu. Basi.

"Huu ndio mfuko wa mimba," akasema. "Mtoto hayumo. Kwa wiki nane tungemwona, na moyo wake ukipiga. Pole, mama. Mimba ni tupu."

Akaniandikia barua nirudi Alhamisi nikasafishwe. Nilimuuliza, je, nikingoja nitakufa? Akasema hapana, ila nikitoka damu nyingi au nikishikwa na homa nije mbio. Lakini kungoja hakuwezi kujaza mfuko.

"Basi nitangoja," nikamwambia.

Sikuwa na sababu yoyote. Shule niliiachia kidato cha pili, sijui kubishana na mashine. Nilijua tu kwamba kitu changu kimetazamwa dakika tano na kikahukumiwa, na mimi sikuwa nimesema neno langu.

Mum alikuja kutoka Ndabibi kesho yake, Jumapili, na kabichi mbili na uso wa matanga. Alikuwa na shangazi yake aliyengoja hivyo hivyo mpaka akaugua vibaya, na hakutaka kusikia habari ya kungoja. Alinikuta nakoroga uji.

"Kitu kimekufa ndani yako na wewe unakipikia uji."

"Nani alikiona kimekufa?"

"Daktari."

"Daktari aliona shimo, mum."

"We mtoto, ubishi huu uliutoa wapi?"

Nilimwambia ajiangalie kwenye kioo. Hakucheka, lakini uji aliunywa.

Jumatatu nikarudi kazini, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kwenye shamba la maua hakuna anayekumbuka tarehe. Tunakumbuka kilichotokea ndani ya grinhausi, zile nyumba za plastiki tunamokuzia maua. Mimi nilikumbuka kwamba mwezi wangu ulianza siku ile grinhausi yetu ilipofungwa baada ya kupigwa dawa, ile siku wanaweka kibendera chekundu mlangoni na hakuna mtu kuingia. Kwa hivyo kabla ya kwenda Naivasha nilimuuliza mwenye daftari la dawa ni lini tulifungiwa. Akanipa tarehe, nami nikaibeba hadi kwenye mashine kama mstari wa Biblia.

Nilimsimulia hayo mama mmoja anayekata maua kwenye mstari ulio karibu na wangu. Alikuwa anakula githeri, akaacha kutafuna.

"Dawa ilipigwa mara mbili," akasema.

Ni kweli. Wadudu walikataa kufa, dawa ikarudiwa. Mara ya kwanza tulipelekwa kupanga maua kwenye banda la kupakia. Mara ya pili tulipewa majembe tukapalilie kando ya ua.

"Na wewe siku ya majembe ulikataa kuinama. Ulikaa kwenye kreti umeshika tumbo, supavaiza akakuita malkia."

Jembe nililikumbuka. Kreti nikaikumbuka, na lile jua. Nilikimbia kwa mwenye daftari na kijiko bado mkononi. Kati ya dawa ya kwanza, aliyokuwa amenitajia, na ya pili, siku mwezi wangu ulipoanza kweli, kulikuwa na siku kumi na saba.

Nikampigia simu yule wa mashine. Nilimweleza, akaniambia nieleze tena polepole. Akasema kama ni hivyo, siku ile nilikuwa na wiki tano na siku chache, na katika wiki ya tano mara nyingi hakionekani kitu ila mfuko. Mtoto hutokea wiki ya sita, punje tu pembeni, na moyo unaanza kumemeteka kabla hata hajapata umbo la mtu. Alhamisi nisije. Nije baada ya wiki mbili.

"Lakini usijipe moyo sana," akasema.

"Nimeshajipa, daktari."

Mum alisema daftari la dawa ya wadudu halijawahi kuwa daktari wa mtu. Alhamisi alivaa viatu tayari kunipeleka. Nikavaa gambuti zangu nikaenda kukata maua.

Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Kila nikienda choo nilijiangalia huku nimefumba jicho moja. Nilikuwa naongea na tumbo, halafu naona aibu, kwamba labda naongea peke yangu. Lakini niliendelea kuongea. Kama hayumo, ni hasara ya maneno tu.

Baada ya wiki mbili Mum alikuja nami, akasimama kando ya kitanda ameshikilia mkoba wangu kwa mikono miwili. Yule bwana akanigeuzia skrini. Kishimo cheusi kilikuwa kimekua, na ndani yake, kimejibanza pembeni, kulikuwa na kitu kama harage. Hakikuwa na kope wala kidole cha kunyonya. Katikati yake kitu kilikuwa kinawaka na kuzima, haraka haraka, kwa hasira kabisa.

"Wiki saba na siku mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Hesabu yako ndiyo ilikuwa sawa."

Mum aliketi sakafuni na mkoba wangu.

Yule bwana akafuta kifaa akaniambia naweza kushuka, kuna watu nje wanangoja. Nikamwambia wangoje, mimi pia nilingoja. Akirudishe kile kifaa pale pale, mamangu hajaona vizuri.