Ndama Asiyepakwa Dawa

Mvua za mwaka wa hamsini na tatu zilipoanza, ndama wa shamba moja la mzungu, kati ya Lanet na miteremko ya Menengai huko Nakuru, walishikwa na choa. Kilianzia kwenye macho kikashuka shingoni: viduara vyeupe, vikavu, manyoya yamenyonyoka kama nyasi iliyopitiwa na moto. Daktari wa mifugo, Bwana Ferris, aliamuru watengwe katika boma la juu, na mtu mmoja akae nao huko, kwa sababu choa cha ng'ombe humshika hata binadamu.

"Kipketer aende," nyapara alisema. "Hana mke wa kumlilia."

Ilikuwa kweli. Kipketer alikuwa ametoka upande wa Kericho akiwa kijana. Mama yake, Jelagat, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na yeye hakuwahi mazishi. Alibeba blanketi na sufuria, akapanda.

Daktari alipokuja na chupa zake za iodini, alilalamika kwamba dawa hiyo huchelewa kufika kutoka ng'ambo, na ikifika huwaunguza ndama ngozi. Kipketer akamwambia kwamba kwao watu hutumia senetwet, kile kichaka cha maua ya manjano ambacho makaa yake husafishia vibuyu vya maziwa. Majani hupondwa, yakapakwa penye choa. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto kichwa chake chote kilishikwa, na mama yake alimpaka hayo.

Daktari hakucheka. Siku iliyofuata alileta spiriti. Waliyaloweka majani, wakayachuja, wakachanganya yale maji ya kijani na mafuta mazito ndani ya mkebe.

"Tutajaribu," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani, "lakini kwa haki. Kamba nyekundu shingoni, iodini. Kamba nyeupe, majani yako. Wengine hapana kamba, hapana dawa."

"Hao wengine wamekosa nini, Daktari?"

"Hapana kosa. Lakini kama wao wanapona pia, tutajua dawa si kitu. Usiwapake hata kidogo."

Miongoni mwa wale wasio na kamba kulikuwa na ndama jike mwekundu, macho yake karibu yafungwe na magamba. Kila asubuhi aliwaona wenzake wakisuguliwa shingo, naye akaja kujipanga nyuma ya Kipketer, akimsukuma paja kwa kichwa, akingoja zamu yake. Kipketer alimfukuza kwa fimbo. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Chakula chake aliletewa na Kinyanjui, mkamuaji maziwa. Kinyanjui aliweka unga na maharagwe kando ya sengenge, kisha akasimama mbali kidogo, akaeleza habari za chini: nani amezaa, nani amepigana na nani, nani ameitwa na polisi. "Usinisogelee, mimi nina watoto," alikuwa akisema huku akicheka. Sauti nyingine ya mtu Kipketer hakuisikia, ila daktari alipokuja mara mojamoja.

Kisha vile viduara vikajitokeza kwenye mikono yake mwenyewe. Daktari alimpaka iodini mkono wa kulia na majani mkono wa kushoto. Kinyanjui alipoiona mikono hiyo alirudi nyuma kidogo zaidi, lakini aliendelea kuzungumza.

Asubuhi moja malori yalinguruma kule chini, zikafuata sauti za wanawake, halafu kimya. Chakula hakikuja mpaka alasiri, na aliyekileta alikuwa askari ambaye Kipketer hakumjua. Aliurusha mfuko juu ya sengenge.

"Kinyanjui yuko wapi?"

"Wakikuyu wote wa shamba wamepakiwa, kwa sababu ya hivi vita vya msituni. Wanarudishwa kwao."

"Watoto pia?"

"Nimesema wote."

"Hakuacha neno?"

"Kelele zile, nani angemsikia?"

Tangu hapo mfuko ulirushwa na askari akaenda zake. Kwa muda Kipketer aliwasemesha ndama kwa Kikipsigis, halafu hata hilo likamwishia. Jioni moja alikuwa ameketi chini, mkebe wa majani uko wazi kando yake, na yule ndama mwekundu akaja akamlazia kichwa mapajani. Kipketer alichovya kidole kwenye mafuta, akakaa nacho hewani. Kisha alikifuta kwenye nyasi, akafunika mkebe, akamkuna ndama nyuma ya sikio, mahali palipokuwa pazima, mpaka giza likaingia.

Mvua zilipopungua, manyoya yalianza kurudi. Wa kamba nyekundu na wa kamba nyeupe walitangulia, karibu pamoja. Mikono ya Kipketer nayo ilipona yote miwili. Halafu, baadaye kidogo tu, macho ya yule ndama mwekundu yakafunguka.

Daktari alimtazama huyo kwa muda mrefu.

"Majani yako yamefanya kazi sawa na iodini," alisema. "Lakini huyu hapana kupakwa kitu, na amepona. Labda ni jua. Labda ni wakati tu. Kujua kweli, inataka ndama wengi zaidi, na mimi nimehamishwa Uganda."

"Basi mimi, nilipokuwa mtoto..."

"Labda ungepona tu."

Kipketer alimkumbuka Jelagat akimlaza mapajani, vidole vyake vikinuka majani mabichi, na watoto wa jirani wakiitwa na mama zao wasimkaribie.

"Labda," alisema.

Boma likafunguliwa. Kipketer aliteremka moja kwa moja mpaka nyumba ya Kinyanjui. Mlango ulifunguliwa na mwanamume mgeni ambaye hakuwahi kulisikia jina hilo.

Jumapili alitembea kwa miguu hadi Nakuru mjini. Karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli, kinyozi mmoja aitwaye Owuor alikuwa ameweka kiti chake nje. Kipketer akaketi. Owuor aliona makovu ya mviringo mikononi, akasita kumfunga kitambaa.

"Yalikuwa mashilingi hayo, yaani choa?"

"Yalipona." Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Kwa dawa gani, ndugu yangu? Mtoto wangu anayo kichwani."

Kipketer aliinua mikono yake yote miwili.

"Sijui," alisema. "Mkono huu ulipakwa dawa ya wazungu, na huu majani ya kwetu. Yote miwili ilipona. Na kuna ndama aliyepona bila chochote."

"Kwa hiyo nimpake nini?"

"Majani hayaunguzi. Nitakuletea."

Owuor alimtazama tena, akamfunga kitambaa shingoni, akamwekea kiganja utosini ili kumwinamisha. Kipketer alifumba macho. Nywele zake hazikuwa nyingi. Kazi ilikwisha upesi kuliko alivyotaka.