Binti wa Mpika Malwa

Mwalimu Teopista Auma hakuwa mtu wa kutulia kitini. Darasani alizunguka toka dirisha hadi dirisha, chaki mkononi. Nyumbani kwake Mulanda alikula amesimama. Miaka kumi na mitano alikuwa amefundisha historia katika sekondari moja ya kanisa, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa miji ya Ulaya ya zama za kati: kuta ndefu, malango yaliyofungwa jua likizama, vyama vya washona viatu, maji machafu yakimwagwa njiani mbele ya duka la mkate.

Siku moja msichana aitwaye Tracy akanyoosha mkono. "Madamu, umetutajia mafundi, wafanyabiashara na mapadri. Wanawake walikuwa wapi?"

Teopista akafungua kitabu cha darasa. Palikuwa na mstari mmoja tu: waliwasaidia waume zao. Akaona haya kuusoma kwa sauti.

Swali lile lilimkaa kama mwiba chini ya ukucha. Jumamosi akaenda Tororo kutafuta vitabu, akarudi mikono mitupu. Jumamosi ya pili akaenda Busia, ambako padri mmoja mzee alimwazima kitabu kinene kisicho na jalada. Hakungoja kufika nyumbani. Alikisoma pale pale kibarazani kwa padri. Na humo akawakuta. Katika miji ya Uingereza ya wakati ule, pombe ya shayiri ilipikwa sana na wanawake, majumbani mwao. Pombe ikiwa tayari, mwenye nyumba alisimamisha mti mlangoni kuwa ishara, na mwonjaji wa mji akaja kupima. Kipimo kikipungua, faini.

Teopista akakifunga. Mama yake mwenyewe, mjane wa huko Sop Sop, alikuwa mpika malwa, pombe ya ulezi. Ulezi aliouchachusha ndio uliomsomesha binti yake hadi chuo. Lakini kila walimu wenzake walipomuuliza habari za kwao, Teopista alijibu, "Mama ni mkulima tu."

Kesho yake akaenda Sop Sop, akamkuta mama akikaanga unga uliochachuka, moshi umejaa ua. Akamsimulia yote, akizunguka jiko kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," mama alisema. "Hao waliotozwa faini walikuwa akina nani?"

"Wanawake, wengi wao."

"Na aliyeonja?"

"Mwanamume, mama."

Mama akacheka hadi akaushika mwiko kwa mikono miwili. "Hata kwetu waonjaji hawakosekani. Halafu ikawaje?"

"Baadaye pombe ikawa biashara kubwa. Wanaume wenye mitaji wakaunda vyama vyao. Wanawake wakasukumwa pembeni."

Kicheko kikakatika. Mama akaugeuza unga uliokuwa ukianza kuungua. "Wakawanyang'anya," alisema. "Wanafunzi wako wanalijua hilo?"

"Njoo uwaambie wewe jinsi pombe inavyopikwa. Mimi nitawaambia yaliyobaki."

"Mimi? Shuleni kwako, ambako sina hata jina?"

Teopista akaacha kuzunguka. Kumbe mama alijua siku zote kwamba binti yake alimficha.

Hedimasta, Mwalimu Okedi, alipoombwa ruhusa, alikataa. "Hii ni shule ya kanisa. Mpika pombe atawafundisha nini watoto?"

"Historia, mwalimu. Na ni mama yangu."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Okedi alimtazama, akavua miwani, akasema bado ni hapana.

Alhamisi mama alifika hata hivyo, amevaa gauni lake la gomesi la kanisani, bila chungu wala mrija wa kunywea, akiwa na kiganja kimoja cha kimea cha ulezi kwenye karatasi. Teopista alimwingiza darasani. "Huyu ni mama yangu mzazi," aliwaambia wanafunzi. "Anapika malwa." Kimea kikapita mkono kwa mkono, wakinusa. Mama akaeleza jinsi unga unavyofukiwa ardhini uchachuke, na jinsi mjane anavyojifunza kupima kwa haki mbele ya wateja walevi. Tracy aliandika hadi kalamu ikakwama. Okedi alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akaondoka.

Jioni barua ya onyo ilikuwa mezani kwa Teopista. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi kwamba ameipokea. Onyo la pili lingeweza kumfukuzisha kazi.

Akamsindikiza mama hadi stendi ya bodaboda. Mama alipanda, kisha akashuka tena.

"Nimesahau kuwaeleza habari ya maji," alisema. "Yakiwa moto mno, pombe inaharibika. Alhamisi ijayo wana kipindi saa ngapi?"

"Mama, nimepewa onyo."

"Nimesikia. Saa ngapi?"

Teopista akatazama barabara ya shule, akahamisha uzito mguu hadi mguu. "Saa nne," akasema.